Mtaro Uliopita Jikoni Kwangu

Wandera mwanangu,

Kule kilimani mbingu imeshakuwa nyeusi, na mimi nimekaa hapa chini ya ukuta wa nyumba na karatasi juu ya paja, kwa sababu mikono yangu haijui kukaa bure. Kazi yote tuliyoweza kufanya tumefanya. Sasa tunangoja mvua ituambie kama tumefanya sawa.

Usinicheke mwandiko. Unajua shule yangu iliishia kule kwa masista, ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, kabla sijaolewa huku Bulumbi, na Kiswahili walichonifundisha ndicho hiki hiki. Kama kuna neno limepinda, linyooshe mwenyewe kama ulivyokuwa ukininyooshea.

Kuna jambo limetufika na ni la kwako, kwa hiyo nataka ulisikie kwangu.

Ulipoanza kazi na watu wa udongo, wale wa serikali wanaozuia mashamba yasiliwe na maji, ulirudi nyumbani na ile kamba na pimamaji, ukasema utaanza na shamba la baba yako ili majirani wasipate la kukuambia. Wakapata hata hivyo. Walisema mitaro na matuta ni kazi ya Mzungu, kazi ya kiboko, ati tumepata Uhuru halafu mtoto wetu wenyewe anaturudishia. Si ndio hao hao waliosherehekea Uhuru kwa kulima majani yote ya kingo? Jembe la ng'ombe likashuka kutoka kilimani mpaka mtoni bila kusimama, kila mtu akasifu mistari yake jinsi ilivyonyooka. Na maji yakashukuru, yakapata njia. Lile korongo ulilokuwa ukiruka ukienda shule, leo ng'ombe akianguka ndani hatoki bila kuvutwa.

Siku uliyopima mimi ndiye niliyekushikia upande mmoja wa kamba. Sikuweza kutulia. Ukaniambia, "Mama, simama kama unapigwa picha." Nikasimama, nikacheka, kamba ikatikisika, ukaanza upya. Ukapigilia vijiti kutoka mpaka wa jirani yetu Mama Amoding hadi kwenye bonde la majani, chini kidogo ya jiko langu. Ukasema wimbi likishavunwa tutachimba mtaro hapo, maji ya kilimani yageuke yaende bondeni.

Wimbi lilivunwa, wewe hupo. Ile homa ya kukaza shingo haikungoja hata tukupeleke hospitali ya Tororo.

Wazee walipotafuta mahali pa kukulaza walisimama mlangoni kwa baba yako, wakatazama upande wa kushoto kama desturi, wakasema hapa. Hakuna aliyekumbuka vijiti. Baba yako mdogo Ojiambo alikutana na kimoja kwenye jembe lake, akakitupa kando. Nilikiona kikitupwa.

Basi mvua ndogo zikaja. Maji yalitoka mashamba ya juu, yakapita katikati ya maharage yangu, yakafika upande wa miguu yako yakaanza kula. Asubuhi nikakuta pameliwa, mkono wangu unaingia mpaka kiwiko. Mwanangu, nilirudisha udongo kwa karai, peke yangu, baba yako hajaamka, nikaupiga kwa viganja kama mtu anayekandika ukuta. Nilikuwa nasema na wewe. Nilisema subiri, subiri. Tangu asubuhi ile ngurumo ikilia hata mbali kule Kenya, nashika karai.

Nikaenda mwenyewe ofisi ya serikali ya gombolola letu kuwaomba watu wa udongo. Wakamtuma Owori, yule rafiki yako wa Paya mliyekuwa mkipakiana baiskeli. Alilia kwanza, kisha akafunga kamba. Alipima kutoka mpaka wa Mama Amoding, taratibu, kama ulivyopima wewe, na kamba ikapita juu ya kifua chako.

Owori alivua kofia akakaa chini.

Akajaribu chini zaidi. Huko mtaro ungeokoa shamba la muhogo, lakini wewe ungebaki upande wa maji. Akajaribu juu. Kamba ikaingia mlango wa jiko langu ikatokea ukuta wa nyuma. Akafungua kamba, akafunga tena, ikaingia pale pale.

Ojiambo akasema mbona mnahangaika, chimbeni mpaka karibu na kaburi, acheni nafasi, mwanzie tena upande wa pili. Owori akamjibu kwa Kiswahili chake kile cha kwao, "Mzee, maji nakwenda kutafuta ile nafasi tu. Yote takusanyika hapo." Ojiambo akasema kwa sauti ya chini kwamba basi labda wewe ndiye uhamishwe. Mimi niliinuka. Maneno niliyosema sikumbuki. Dada yako Nabwire anasema nilisema atakayekugusa anizike mimi kwanza, na kwamba nilikuwa na mwiko mkononi na Ojiambo akarudi nyuma. Sasa tunasalimiana, usijali.

Lililobaki ni jiko, na hapo kila mtu akatazama chini. Unajua huku kwetu mambo ya mafiga. Mwanaume akitaka kumfukuza mke hana haja ya kupiga kelele, anang'oa mafiga yake tu, na mwanamke anafunga mzigo. Baba yako angesema jiko litoke, watu wangesema amenifukuza kwa sababu nimezika mtoto. Alikaa siku nzima anachora chini kwa kijiti. Jioni akaniambia, "Mama Wandera, hilo mimi siwezi kulitamka." Akaingia ndani. Nilimwelewa. Hata kuniomba aliogopa, maana kuomba nako ni kutamka.

Kwa hiyo sikungoja aniombe. Palipokucha nilimwaga majivu, nikang'oa mafiga kwa jembe, nikayapeleka moja moja upande wa ghala, juu ya pale kamba ilipopita. Mazito, kumbe. Nimeyapikia tangu nikiwa bibi harusi, sikuwahi kuyabeba. Mama Amoding akanichungulia juu ya ua. Akauliza, "Jirani, umefukuzwa ama wewe ndiye unafukuza?" Nikamwambia nahamisha moto, sihamishi ndoa. Akacheka mpaka akashika ua. Lakini alipoteka maji alisema, na kisimani nako wakasema, na siku ya soko habari kwamba nimefukuzwa ikavuka mpaka bila hata kuulizwa ina mzigo gani.

Mjomba wako akaja. Aliendesha baiskeli kutoka nyumbani kwetu ng'ambo, amevaa koti la kanisani, nyuma amefunga kamba ya kubebea sanduku langu. Hakusalimia mtu. Akamkuta baba yako, aliyekwisha kubomoa jiko tupu na kuanza kuchimba, ndani ya mtaro, ametokeza kuanzia kiunoni, matope mpaka kwenye nyusi. Akasimama juu yake.

"Shemeji, dada yangu yuko wapi?"

Baba yako akanyoosha mpini wa jembe. "Yuko nyuma yako. Mpishe, karai ni zito."

Mjomba akageuka akanikuta. Akaangalia mstari wa mtaro unavyotoka kwa jirani, unavyopita pale jiko lilipokuwa, unavyokwenda bondeni. Akaliangalia kaburi lako, chini yake. Hakuna aliyemweleza chochote. Alivua koti akalitundika kwenye usukani wa baiskeli, akauliza kama kuna jembe jingine.

Kisha nikapika pombe ya wimbi kwa Mama Amoding, maana mimi sikuwa na jiko, nikaita watu wa kuchimba. Walikuja, Wandera. Hata wale waliosema maneno. Walichimba mpaka jua likawa kali, wakakaa kuzunguka chungu cha pombe na mirija yao ya kunyonyea, wakaanza tena mizaha, ati mtaro wa Wandera unazidi wa Mzungu kwa sababu huu una kinywaji. Mzee mmoja akasema angejua mapema asingekimbia ule wa kwanza. Nilicheka nao. Nikaenda nyuma ya ghala nikalia, nikarudi kuongeza maji ya moto kwenye chungu.

Owori alipima tena mwisho. Akatuonyesha namna ya kushindilia ukingo wa chini kwa magogo. Akasema tukipata mvua ya kwanza tupande matete juu ya ukingo, yakishika mizizi hakuna shida. Lakini kabla ya matete, ukingo ni udongo mtupu. Hiyo mvua ya kwanza ndiyo mtihani, na hatuna wa kuiambia isije kwa nguvu.

Upepo umegeuka. Nabwire anaita mbuzi. Matone yameanza kwenye karatasi, naacha.

Nimerudi. Ni siku ya pili. Nguo zangu bado ziko kwenye ua na mikono imechubuka, kwa hiyo mwandiko utakuwa mbaya zaidi.

Mvua ilikuja mchana na mawe ndani yake. Kwanza sauti, unajua ile sauti ya kilimani kama ng'ombe wengi wanateremka pamoja. Halafu maji mekundu yakaingia mtaroni kutoka kwa Mama Amoding, yakaja yakijaza, yamebeba mabua ya pamba. Tulisimama juu ya ukingo, mimi, baba yako na Nabwire, kila mmoja na jembe. Yalipanda. Yakapita mahali pa ghala vizuri. Nikaanza kupumua. Yakafika pale jikoni.

Hapo hakuna aliyefikiria, Wandera, wala mimi. Udongo wa jikoni si udongo. Ni majivu ya miaka yangu yote, na mashimo ya panya niliokuwa nikiwarushia kuni. Tulishindilia juu, chini palikuwa tifutifu. Ukingo ukaanza kutoa maji kama jasho. Kisha tundu likafunguka, dogo, naweza kuliziba kwa ngumi, na maji yakatoka yakateremka yamenyooka kwako.

Nilipiga kelele, sijui za nini. Baba yako aliruka upande wa chini, akageuka, akakaa pale na mgongo ndani ya tundu, miguu ameikaza kwenye matope. Maji yakapita mabegani kwake. Mimi na Nabwire tukakata migomba, tukaburuta, tukailaza juu yake na pembeni yake, tukajaza udongo kwa mikono, karai lilikuwa limechukuliwa na maji. Nabwire alikuwa anasali na kutukana pamoja. Na katikati ya hayo nikasikia baba yako anasema. Hakuwa anasema na mimi.

Alisema, "Wandera, vumilia kidogo. Wandera, tunakuja."

Tangu tulipokuzika alikuwa anasema "mtoto," anasema "yule." Jina lako hakuwahi. Mimi nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba amelitupa. Nilishika udongo nikashindwa kuuweka chini mpaka Nabwire akanisukuma.

Sijui tulikaa hivyo muda gani. Mvua ilipolegea maji yakabadilisha sauti, yakaacha kupigana, yakaanza kwenda pembeni, polepole, upande wa bonde, kama ulivyosema yataenda. Tulimtoa baba yako akiwa baridi kama samaki. Mgongo wote umechubuka. Nilimkanda kwa maji ya moto, analalamika, ndipo nikajua mzima.

Kisha nikashuka kwako. Maji kidogo yalifika, sitakudanganya. Yalilowesha upande wa kichwa, yakaishia hapo. Hakuna kilicholiwa. Nilipitisha mkono pande zote.

Leo asubuhi Owori amefika na baiskeli, ametoka Paya na matope hayo yote. Ametufanya tuchimbue majivu yote pale, tubebe udongo mwekundu kutoka juu, tushindilie tena kuanzia chini. Anasema ni kosa lake, hakuuliza palikuwa na nini. Nikamwambia nyamaza unywe uji. Mama Amoding naye amekuja, hana kicheko leo. Anataka mtaro uanzie kwake juu zaidi, anauliza kama na yeye atahamisha kitu. Hata Ojiambo ameleta matete mzigo mzima, ameyatupa mlangoni akaondoka bila kuingia. Tumeyapanda. Yamelala lala, yanaonekana yamekufa, lakini Owori anasema yako hivyo mwanzoni.

Kwa hiyo bado naogopa. Mvua za mwaka huu ndiyo kwanza zimeanza. Mtaro utajaa udongo, panya watachimba, ng'ombe wa watu watakanyaga ukingo, na mimi nakuwa mzee. Nabwire ataolewa aende. Huko juu bado kuna watu wanalima kushuka, na kuwaambia wanakasirika.

Watu bado wananiita Mama Wandera, na mimi naitika.

Nakuachia hapa, mwanangu, nikaangalie ukingo kabla jua halijazama. Baba yako ameshatangulia, anachechemea. Tumekubaliana hivi: kila kiangazi tutazoa udongo wa mtaro mpaka chini, na ngurumo ikianza upande wa kilima, mmoja wetu atakuwa amesimama pale kabla maji hayajafika. Akibaki mmoja, atasimama huyo mmoja. Wewe pumzika tu. Ulishapima.

Mimi mama yako.