Keremkerem Kwenye Mlango wa Mwanawe

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na wote waliomo nyumbani. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linajiamulia mambo yake lenyewe. Presha yako imeteremka? Shemeji hajambo? Na wale wawili wadogo wanaendeleaje? Kwenye picha uliyonitumia yule wa mwisho amefumba mdomo kama mtu aliyetumwa kutunza siri, nikajua meno ya mbele yameng'oka.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unataka nikae na mwanao, nimwambie, kama baba yake mkubwa, aahirishe ndoa mwaka mmoja tu, abaki nyumbani akusaidie mpaka wadogo zake wakae sawa shuleni. Umesema ananisikiliza mimi kuliko wewe. Ni kweli, lakini ni kwa sababu mimi huwa simwombi kitu. Nimekaa naye kama ulivyotaka. Kabla ya kukueleza yaliyotokea, nivumilie nizungumze habari za ndege. Ugonjwa wangu unaujua.

Unawakumbuka keremkerem, wale ndege wa rangi nyingi wanaokamata nyuki angani. Miaka yangu mingi ya kazi chuoni niliimaliza nikiwachunguza kwenye shimo la mchanga nyuma ya kiwanda cha matofali. Kila jozi huchimba tundu lake kwenye ukuta wa shimo, refu kama mkono wa mtu mzima, na mwisho wa tundu ndipo jike hutaga. Tuliwavisha pete za rangi miguuni ili tujue nani mtoto wa nani. Kazi yenyewe ni kukaa kwenye kiti cha kukunja, kunyamaza, na kung'atwa na wadudu ambao hukupanga kuwachunguza.

Kulikuwa na jambo moja tuliloshindwa kulielewa. Dume kijana akishapata mwenzake na kumaliza kuchimba, baba yake huanza kuja. Hutua mlangoni mwa tundu, hutikisa mkia, hupiga kelele. Tabia hiyo tuliiita "salamu". Misimu kadhaa tuliandika kwenye ripoti, bila aibu, kwamba baba huenda kumjulia hali mwanawe. Mtafiti mwenzangu, mama mmoja mwenye ulimi mkali, ndiye aliyeniambia siku moja huku akimenya chungwa kwamba, kama hiyo ni salamu, basi mama mkwe wake naye ni mgeni wa kawaida.

Tukaangalia upya. Baba akiwa pale mlangoni, mke wa kijana hawezi kuingia kutaga. Leo hivyo, kesho hivyo. Mwishowe kijana huliacha tundu, hurudi kwa wazazi, na huanza kubeba nyuki kuwalisha wadogo zake. Baba hakumpiga. Alimsalimia tu mpaka akachoka.

Utauliza kwa nini tabia kama hiyo haikufutika zamani. Uteuzi wa asili haujali nani kaonewa. Unachojali ni nani kaacha wazao. Mzazi mwenye msaidizi hukuza makinda wengi zaidi, na baadhi ya makinda hao hurithi tabia ile ile ya kung'ang'ania mlangoni. Na kijana hapambani sana kwa sababu hapotezi sana. Mtoto wake angechukua nusu ya urithi wake wa damu, na mdogo wake wa baba mmoja mama mmoja, kwa wastani, anayo nusu hiyo hiyo. Kwa ndege, kulea mwana au kulea mdogo ni karibu sawasawa.

Mambo hubadilika mama akifa na baba akapata mwenzi mwingine. Kwa baba, makinda wapya ni wake kama wale wa kwanza, nusu kamili. Kwa kijana ni robo. Hapo ndipo baba hutikisa mkia kutwa nzima na kijana akaendelea na shughuli zake.

Sisemi kwamba wewe ni ndege. Ndege hajui anachofanya, na wewe najua unampenda mwanao. Nasema tu kwamba mara ya kwanza sababu ya kuahirisha ndoa ilikuwa presha, mara ya pili paa la nyumba, na sasa ni shule ya wadogo. Na kila mara, ameniambia, simu yako huanza kwa kumuuliza kama amelala salama.

Alikuja kwangu na mchumba wake, akiwa bado na ovaroli ya kazini, mikono ina grisi ya lifti anazotengeneza. Msichana anakata lenzi kwenye duka la miwani, na ana tabia ya kukutazama kama anapima namba ya miwani yako. Aliniambia waziwazi: "Baba mkubwa, gauni lilishonwa mwaka juzi. Sasa halifungi, na sijanenepa kwa raha." Nilicheka. Mwanao hakucheka. Alisubiri mwenzake aende kuosha vikombe, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ameamua kumwachia huru, kwa kuwa si haki kumsimamisha mtu kwenye ngazi miaka yote. Alilisema hilo kwa utulivu, kama anaeleza lifti iliyokwama kati ya ghorofa mbili. Utulivu ule niliujua.

Hapa inabidi nikueleze jambo ambalo hujawahi kulisikia. Nilipokuwa na umri wa mwanao nilikuwa na mchumba, mhudumu wa maktaba ya chuo. Tulikwisha panga chumba. Mama alikuwa mgonjwa na wewe ulikuwa hujaanza kutembea. Baba alikuja, akakaa kwenye kiti pekee kilichokuwamo, akaniuliza habari za afya yangu. Akaja tena. Alipokuja mara ya tatu nilifunga mizigo. Yule mchumba wangu aliolewa na mpima ardhi, wakapata watoto wanne, nimewaona, wana afya njema. Nami nilikulisha kwa kijiko, nikakufundisha kusoma, ukawa mtu. Sikuonewa. Nusu kwa nusu, hesabu ilitoka sawa. Hata hivyo bado huwa naipiga upya.

Kwa hiyo sikumwambia mwanao aahirishe, wala amwache mchumba wake; nilimwambia aoe. Ijumaa iliyopita nilisimama naye mbele ya msajili wa ndoa, mahali ambapo ungesimama wewe. Aliniuliza mara mbili kama unajua. Nilimjibu kwamba kukuarifu ni kazi yangu. Ukitaka kukasirika, nikasirikie mimi, anwani yangu unayo. Gauni lilipanuliwa kiunoni, likafunga.

Kuhusu wale wadogo, umesema kweli, mnahitaji mtu. Kaka wa baba mmoja, mama mwingine, kwao ni robo. Baba mkubwa naye ni robo. Hupotezi chochote ukibadilisha mmoja kwa mwingine, na mimi nina mchana mzima usio na kazi. Nimekwisha mwambia mwenye nyumba kwamba nahama mwisho wa mwezi. Nitawapeleka shule asubuhi, kwa mwendo wa goti, na jioni nitawasimamia masomo. Kitanda chembamba kinanitosha. Kama shemeji hataki, aseme mapema, sitachukia.

Mwanao na mkewe watakuja kukuamkia Jumapili. Katika barua zako zote umemwita "huyo msichana". Sasa ni mkweo. Akishakaa, muulize jina lake, atakuambia mwenyewe.

Nisalimie shemeji, na uwapapase vichwa wale wadogo kwa niaba yangu. Dawa ya presha unywe hata siku unazojisikia vizuri.

Ni mimi,
Kaka yako