Koili Nyeusi ya Bi Mwajuma

Mjukuu wangu Zuwena,

Assalamu alaykum. Sisi hapa Wawi hatujambo. Bibi yako amepona mguu, na karafuu tumezianika tangu Jumatatu.

Unaniuliza kama uandike, katika historia ya kiwanda chenu cha transfoma, habari za zile zilizoungua, na bosi wako hataki.

Nilipoanza uandishi nilitumwa Dar es Salaam kuandika historia ya kiwanda kama hicho. Meneja alinipa miaka, majina ya waanzilishi na picha. Nilipokuwa natoka, Bi Mwajuma, aliyekuwa akisuka koili za shaba kwa mkono, aliniita. Mezani kwake palikuwa na koili nyeusi, iliyoungua.

"Hii imerudi kutoka kwenu Pemba. Hewa ya chumvi ilikula mpira wa mfuniko wa transfoma, maji yakaingia. Kila fundi mpya namshikisha hii kwanza."

"Meneja hakuniambia."

"Akwambie nini, baba, na mpira aliuchagua yeye?" Mafundi wenzake wakacheka.

Habari hiyo sikuiandika. Niliogopa kufungiwa mlango siku nyingine. Makala ilipotoka, meneja alifurahi. Bi Mwajuma alinitumia salamu: "Mwambieni yule Mpemba, kiwanda alichokiandika mimi sikijui."



Basi andika habari za zilizoungua, sababu yake, na fundi aliyeigundua. Bosi akitaka kuifuta, aifute mwenyewe. Wewe usimfanyie kazi hiyo.

Babu yako anayekuombea kheri