Siku Tisa au Ishirini na Nne

Ofisi ya Mishahara,
Kiwanda cha Viatu,
S.L.P. 218.

Jumapili, tarehe 28.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Umepata pa kulala? Unakula ukashiba, au ndiyo yale yale ya chai kavu toka asubuhi mpaka jioni? Natumaini barua hii itakukuta mzima, na safari hii neno hilo siliandiki kwa mazoea. Sisi hatujambo. Mguu wa Mama umepungua uvimbe, siku hizi anafika dukani na kurudi bila kushika ukuta. Mimi mwili mzima, ila tangu Jumatatu roho yangu iko juu juu, na sababu ni wewe.

Usianze kucheka. Najua ukisikia dada yako hana raha unadhani nimepoteza risiti ya mtu.

Habari yenyewe ni malipo yako ya huu mwezi uliouacha katikati. Unajua tunavyofanya: mshahara unagawanywa kwa siku za kazi za mwezi mzima, halafu unazidishwa kwa siku ambazo mtu alifika. Mwezi huu una siku za kazi ishirini na sita. Mshahara wako ni laki mbili na sitini elfu, kwa hiyo kila siku ni elfu kumi. Hata mtoto wa darasa la pili angeipiga hesabu hiyo. Ulifanya kazi mpaka Jumatano tarehe kumi, na Alhamisi asubuhi nikakusindikiza kituo cha mabasi mimi mwenyewe. Toa Jumapili moja, zinabaki siku tisa. Nikaandika elfu tisini kwa penseli, nikajua nimemaliza.

Lakini kabla sijapitisha kalamu lazima nilinganishe na daftari la getini. Jumatatu nikalifungua, nikafuata kwa kidole mstari wa namba arobaini na saba, namba yako. Tarehe kumi na moja, umefika. Kumi na mbili, umefika. Nikaenda hivyo hivyo mpaka Jumamosi tarehe ishirini, sikukuta pengo hata moja. Zilikuwa siku kumi na nane.

Nikajiambia bawabu amezeeka, anaandika huku anasinzia. Nikamshukia getini na maneno yangu tayari mdomoni. Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa. Akasema mdogo wangu anapita kila siku kabla ya king'ora, anatundika kisahani chake cha namba ubaoni, anaingia. Kisha akaniuliza kama tumegombana nyumbani, maana siku hizi husalimii.

Kisahani hicho ni kosa langu, nalikubali. Anayeacha kazi hunikabidhi kisahani chake cha bati, nakifungia kwenye mtoto wa meza, na hapo ndipo namba yake inapokufa. Wewe ulikitoa dirishani basi likiwa linaondoka, ukanichezeshea, ukasema utakituma kwa kifurushi. Na mimi kwa kukudekeza nikacheka. Ningekupokonya siku ile ile. Sasa niligeuka nikatazama ubao, na kwenye msumari wa arobaini na saba kilikuwa kinaning'inia.

Nilipiga moyo konde nikaenda idara ya soli. Meza yako haikuwa na mtu, lakini aproni ilikuwa juu ya kiti na brashi ilikuwa imelowa gundi. Yule fundi jirani yako mnayemwita Kijiko akaniambia umetoka kwenda bombani kunywa maji. Nilimuuliza anasema nini. Akajibu kwamba siku hizi unainama tu na kazi yako, husemi, mchana huli, na jozi arobaini zinatimia kila siku. Akanipa kiatu kimoja kutoka kwenye kreti lako. Nikafunua soli ya ndani. Namba ilikuwa imeandikwa kwa chaki, saba ikiwa na kile kistari chako cha kiunoni ambacho hakuna mwingine anayekiweka kiwanda kizima.

Sikungoja urudi kutoka bombani. Nilipanda ngazi mbili mbili, mtu mzima mimi, mpaka mhudumu wa ofisi akaniuliza nimefukuzwa na nini.

Mdogo wangu, simu yako haipatikani tangu ile Alhamisi. Mwenyeji wako nimempata, anasema bado anakusubiri. Jumanne nikaenda ofisi ya mabasi. Karani wao akapiga simu upande wa pili, akaambiwa basi lilifika salama na begi lako lipo stoo, limebandikwa jina, halijachukuliwa. Dereva anakumbuka kwamba abiria wa kiti chako alishuka kwenye daraja, pale wanaposimama kunyoosha miguu. Kama alipanda tena, hajui.

Nikaenda polisi. Wakaniuliza umeonekana lini na wapi kwa mara ya mwisho. Jibu la kweli lilikuwa asubuhi ile ile, getini kwetu. Nilipowaambia, yule askari akafunga kitabu chake akasema, basi dada, nenda kazini ukamchukue. Sikumlaumu.

Mama sijamwambia. Anakusifu kwa majirani kwamba umeanza vizuri kazi mpya huko. Nami naitikia, halafu naingia ndani nalia.

Meneja yeye hana habari na haya. Anachotaka ni fomu ya kufunga hesabu yako, iwe na idadi ya siku na tarehe ya mwisho ya kazi. Nilipomwambia daftari na macho yangu havikubaliani, alisema kampuni hailipi macho. Nikaona nishike lile ninalolijua. Nikatia elfu tisini kwenye bahasha, siku tisa, nikaandika namba yako juu.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya malipo. Unakikumbuka kidirisha chetu, kiko chini, mimi nikikaa naona mikono ya watu tu. Ilipita mikono yote, foleni ikaisha, nikaanza kukusanya karatasi zangu. Saa saba mchana, jua liko pale nje, nasikia mafundi wanataniana getini. Ukaingia mkono mmoja zaidi. Dole gumba lina lile kovu la kisu cha ngozi, ambalo nililifunga mimi mwenyewe kwa kitambaa changu cha kichwa.

Sikuinama kutazama uso. Naomba unisamehe hilo. Nilitaka, lakini mwili ulikataa.

Nilisukuma bahasha. Mkono ukaihisi uzito, ukairudisha taratibu. Kisha nikasikia sauti, na ilikuwa sauti yako kabisa, haikuwa na hasira wala haraka. "Dada, hesabu vizuri."

Nikachukua penseli nikahesabu kwa sauti, siku moja moja, mpaka jana yenyewe. Zikafika ishirini na nne. Laki mbili na arobaini. Zilizopungua, laki moja na nusu, nilizitoa kwenye bahasha ya mshahara wangu, kwa hiyo mwezi ujao tutakula kwa adabu. Mkono ukapokea, ukatia saini. Nikateremsha kidole mpaka mstari wa chini, palipoandikwa tarehe ya mwisho ya kazi. Kalamu ilisimama hapo kidogo, halafu ikalazwa mezani. Nilipopata nguvu ya kuinuka, nje hapakuwa na mtu.

Fomu ninayo hapa mbele yangu. Mstari huo bado mtupu, na meneja nimemwomba mwezi mmoja.

Kwa hiyo nakuandikia kwa anwani uliyoniachia. Kama uko hai, niandikie hata mistari miwili, nitukane ukipenda kwa kumpa mgeni fedha zangu. Siku hiyo hiyo nitaandika tarehe kumi, na namba yako apewe fundi mwingine. Lakini mwezi ukiisha bila neno lako, nitajua niliyemlipa ni nani. Hapo wasinitafute na fomu yao. Kila tarehe ishirini na saba nitakaa kidirishani mpaka mkono wa mwisho, na nitakuhesabia siku zako zote bila kupunja, kwa sababu kukuandikia siku ya mwisho mimi siwezi, mdogo wangu.

Mama anakusalimu, anauliza kama huko kuna baridi. Shangazi anakusalimu na mumewe. Msalimie mwenyeji wako, mwambie namshukuru kwa kukusubiri. Mungu akufunike popote ulipo na akupe pumziko baada ya kazi.

Ni mimi dada yako nikupendaye, ninayengoja mwandiko wako.