Tabaka Mbili Zilizolaliana

Jumatatu, 5 Mei
Saa moja asubuhi, stoo ya juu ya duka. Chai, chapati mbili, tasnifu. Mama yuko chini anapanga vitenge. Mikokoteni imeshaanza kelele. Siku kumi kabla ya kuitetea mbele ya watahini. Leo natafuta makosa ya herufi tu.

Mwalimu wa hesabu wa sekondari, miaka thelathini na nane, na bado mlinganyo wa tasnifu hii unanifurahisha. Samli inaganda: upande huu imeganda, upande ule bado maji, katikati mpaka mwembamba. Mlinganyo unaueleza mpaka huo. Upunguze unene wake hadi karibu na sifuri, unakuwa uso wenye eneo dogo kabisa, kama utando wa sabuni kwenye waya. Nimekaa nao miaka minne. Sijauchoka.

Jumanne, 6 Mei
Ukurasa wa 61. Uthibitisho una pengo.

Nilichukulia kwamba mpaka unabaki tabaka moja. Sikuthibitisha. Tabaka mbili zinaweza kusogeleana mpaka zikalaliana, nami nikahesabu moja. Sura mbili za mwisho zimejengwa juu ya mstari huo.

Sikula mchana.

Jumatano, 7 Mei
Profesa Saumu, msimamizi wangu, amesoma mara mbili na hakuliona. Nikinyamaza, huenda likapita. Nimeliwaza hilo asubuhi nzima. Aibu.

Mama aligundua siko sawa. Nikakikunja kitenge mara mbili mezani, nikamwambia nimeapa kwamba hapa pana tabaka moja bila kukifunua. Akakitazama.

"Basi kamwambie Profesa hivyohivyo."

Alhamisi, 8 Mei
Posta, mgahawani, saa nne. Shikamoo, marahaba, kisha nikafungua ukurasa. Profesa alisoma mpaka chai yake ikapoa. Akasema na yeye alilipita, kwa hiyo ni kosa letu sote. Akataka tuahirishe. Nikakataa. Likizo yangu ya masomo inaisha mwezi huu. Nikirudi shuleni Singida, tasnifu italala mwaka mwingine.

Nimerudi Kariakoo kwa miguu. Mwepesi kuliko nilivyoenda.

Jumamosi, 10 Mei
Njia tatu za kuziba pengo, zote zimekufa. Nimemjibu Mama vibaya mbele ya wateja. Akanituma Feri nikanunue samaki, nadhani anipumzishe macho. Nimeleta changu wawili. Nimemwomba radhi. Amenipa kichwa, ninachokipenda.

Jumatatu, 12 Mei
Imepatikana. Saa tano asubuhi.

Niongeze sharti moja: suluhisho la mlinganyo liwe tulivu, yaani ukilisukuma kidogo, nishati yake isipungue. Kwenye nafasi ninazoshughulikia, tabaka zikikaribiana mno, upo msukumo unaoipunguza nishati hiyo. Sharti linavunjika. Kwa hiyo haziwezi kulaliana.

Kurasa nne. Nimezikagua mara tatu. Hitimisho langu limepungua upana, lile la zamani lilikuwa kubwa na zuri. Hili ni dogo, na ni la kweli. Profesa amepiga simu, amekagua pia. Amecheka peke yake kwa muda mrefu.

Alhamisi, 15 Mei
Mama alifunga duka. Siku ya kazi. Sikumbuki alifanya hivyo lini mara ya mwisho. Alikaa mstari wa nyuma ukumbini na pochi mapajani.

Nilianza na kosa. Nikasema liko ukurasa gani, nililigundua lini, na nini kimepungua. Mtahini wa nje ya chuo akageuza nakala yake kutuonyesha: ukurasa wa 61 ulikuwa na duara la wino mwekundu, alilolichora mwezi uliopita.

"Hili ndilo lilikuwa swali langu la kwanza," alisema. "Tuanze na la pili."

La pili lilikuwa gumu. Nililijibu nusu. Nimefaulu, na marekebisho madogo. Mama alimshika Profesa mikono yote miwili, wakasalimiana kama ndugu.

Jumamosi, 17 Mei
Mvua kidogo asubuhi, wateja wachache. Nimeshinda dukani.

Mama ameuliza: suluhisho likiwa si tulivu, tabaka zinalaliana? Nikamwambia mara nyingine ndiyo. Lini hasa, sijui. Akaitikia kwa kichwa, akanipa mkasi. Kulikuwa na mteja anataka mita tatu za kijani.