Njaa Iliyoacha Kuniita

Mjukuu wangu Chebet,

Salamu kutoka Mogogosiek. Chai inachumwa, na shangazi yako amepona. Umeniuliza kwa nini ninakonda.

Nilipokuwa chuoni niliongoza mgomo wa kususia chakula. Niliapa jukwaani kwamba dhamira itaitawala njaa, lakini ubongo wangu haukuupigia kura mgomo ule. Kila hotuba niliimalizia kwenye chapati. Rafiki yangu Otieno akanicheka: "Kamaradi, unadai haki ama unaagiza chakula?"

Ubongo hupima akiba ya mwili, na ikipungua hutuamuru kula. Wangu sasa umenyamaza. Tangu tumzike nyanya yako, ninapika ugali na kuutazama hadi upoe. Daktari haoni ugonjwa. Labda ubongo husikiliza pia sauti za wenzetu mezani.

Usinitumie dawa, Chebet. Likizo ikifika, njoo tule.

Babu yako