Siki Niliyomficha Mama

Jumapili, alasiri. Birongo.

Mvua imeanza saa sita na haina dalili ya kuacha. Nimekaa kwenye kochi la Mama na simu mkononi. Mama yuko chumbani kwake, mlango umefungwa. Leo sina hamu ya kuandika mapishi.

Kawaida hapa kwenye blogu yangu ya mapishi huwa najifanya mjuzi. Nimewahi kueleza kwa kurasa nzima kwamba mafuta ya zeituni ni ya kunyunyizia kachumbari na kupikia moto mdogo, siyo ya kuchomea samaki. Kwamba ya alizeti yanavumilia moto. Kwamba mafuta mgando, yale meupe ya mkebe, ndiyo ya kuogopa zaidi kwa mwenye moyo mgonjwa, na kwamba kijiko cha mafuta kinanenepesha vilevile hata kama uliyanunua kwa bei ya kutisha. Hayo yote nayajua. Ningemjua mama yangu vizuri hivyo, leo nisingekuwa hapa nikilia kama mtoto.

Mama alipata kiharusi miezi miwili iliyopita. Mkono wa kulia umelegea. Mtaalamu wa lishe hospitalini alituambia wazi: chumvi ipunguzwe sana, mafuta mgando yaondoke, la sivyo kiharusi cha pili kinaweza kumwondoa. Nikaomba likizo kazini mjini Kisii, nikaja kumpikia.

Mafuta hayakuleta shida. Nilitia ya alizeti, vijiko viwili kwa sufuria, naye akanung'unika kidogo tu kwamba mboga haing'ai. Vita vilikuwa kwenye chumvi. Anamega matonge mawili ya ugali, anasukuma sahani. Siku nne hivyo hivyo. Nguo zikaanza kumning'inia.

Ndipo nikafikiria siki. Siki haina mafuta, chumvi pia haina, na ule uchachu wake unaufanya ulimi usahau kuitafuta chumvi. Nikanunua chupa, nikaiweka mezani waziwazi. Mama akavaa miwani, akasoma lebo, akauliza inatengenezwaje. Nikamwambia ukweli: ni pombe iliyoachwa ikachachuka zaidi na zaidi, mpaka ikaacha kuwa pombe. Akaniambia isiingie jikoni mwake.

Mama ni Msabato tangu ujana, na hilo peke yake lingetosha. Lakini kuna Baba pia. Pombe ilimuua Baba nikiwa darasa la sita, na siku tulipomzika Mama aliapa kwamba kitu kilichotokana na pombe hakitapita mdomoni mwake maisha yake yote. Nilikuwepo, nilimsikia kwa masikio yangu.

Nikasema sawa, Mama. Nikaitia chupa kwenye mkoba wangu.

Jioni ile ile nikaimimina kwenye maharagwe.

Alimaliza sahani nzima. Mbuya mono, akasema, nzuri sana, akaomba nyongeza. Nikajiambia basi, ni mara moja tu, apate nguvu. Kesho yake nikaweka kijiko kwenye kabeji, kesho kutwa kwenye mchuzi wa nyanya. Mwili ukaanza kurudi. Kliniki wakampima presha, ikawa imeshuka. Nilijipongeza, jamani. Nilijipongeza kweli.

Jana nikaumbuka. Sabato hatupiki hapa, chakula hupashwa tu, kwa hiyo Ijumaa kabla ya jua kuzama nilikuwa nimepika chinsaga, ile mboga yetu chungu. Nikatia siki, tena nyingi. Nikasahau maziwa. Mimi mjuzi wa mapishi, niliyezaliwa kwenye nyumba hii, nikasahau kwamba hapa chinsaga haifiki mezani bila maziwa.

Baada ya kanisa, Mama mdogo, yaani mdogo wake Mama anayeishi Magwagwa, aliipasha na kumimina maziwa kama ilivyo kawaida. Yakakatika papo hapo. Mabonge juu, maji ya kijani chini. Akaonja yaliyobaki kwenye jagi, akayakuta mazima. Akanusa sufuria, akaniangalia. Mezani walikuwa wameketi wanawake watatu wa kanisa pamoja na Mama.

Mama akaomba aletewe kijiko. Akaonja kidogo, akakiweka chini. Akawakaribisha wageni kwa vilivyobaki mezani. Walikula ndizi na avokado, wakaomba, wakaenda zao. Mimi sikuwa na pa kuweka uso.

Leo asubuhi ndipo aliponiita. Aliuliza swali moja tu, ni mara ngapi. Nikamjibu kila siku, wiki mbili na zaidi. Kisha nikaanza kujitetea: kwamba ndani ya siki hakuna pombe ya kulewesha hata nzi, kwamba presha yenyewe imeshuka, kwamba nilikuwa namwona akiisha mbele ya macho yangu. Alinisubiri nimalize.

"Kila sahani niliiombea," akasema. "Nilimshukuru Mungu kwa mkono wako."



Na kinachonichoma zaidi ni kwamba nyuma ya nyumba kuna mlimau, umezaa mpaka malimau yanaozea chini. Limau lingefanya kazi ile ile, na Mama hana ugomvi na limau. Nimepita chini ya mti huo kila siku nikienda kuanika nguo. Sikuwaza, kwa sababu alinikataza nami nikataka kushinda. Nilitaka kujithibitishia kwamba sayansi yangu ina akili kuliko kiapo chake. Huo ndio ukweli, na unanuka.

Tangu jana hajala nilichogusa. Mchana huu amejichemshia ndizi kwa mkono wa kushoto, nami nimesimama mlangoni kama mgeni asiyekaribishwa.

Kesho Mama mdogo anamchukua akakae kwake. Ni mtu mwema, anampenda dada yake sana, na anapika kwa mafuta mgando ya kuchota kwa upawa. Chumvi anaipima kwa kiganja. Nimemweleza aliyosema mtaalamu, akaitikia kwa upole, akasema yeye amepika hivyo miaka yote na watoto wake ni wazima.

Nimemfungia Mama nguo kwenye begi. Chini nikaweka chupa mpya ya mafuta ya alizeti. Akaiona, akaitoa. Nikamwonyesha kwamba muhuri haujakatwa. Akavaa miwani, akasoma lebo mpaka mstari wa mwisho, mtu ambaye wiki iliyopita alikula chochote nilichompa bila kutazama. Kisha akaiweka mezani, akaniambia nibaki nayo, nitaihitaji mjini.

Sasa namwandikia Mama mdogo karatasi. Chumvi nusu kijiko cha chai kwa siku, mafuta mgando hata kidogo asimpe. Kila neno ni kweli, na huenda ndilo litakalomweka Mama hai. Kesho nitamkabidhi mbele ya Mama, wote wawili waisome. Lakini mwandiko ni wangu, na mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha wasiniamini.