Mafuta ya Kupandia

Mdogo wangu,

Baba anasema hajambo, na mtungi wa oksijeni unakoroma kando ya kitanda. Ameng'ang'ania nimpeleke kwa barabara kuu mpya, kutoka huku bondeni hadi milimani, akayaone mawingu yakiwa chini yake. Daktari kakataa katakata: hewa ya huko mapafu yake hayataiweza.

Unamjua Baba, dereva wetu wa malori. Kila kona ameiandikia gia yake kwenye karatasi, mpaka pa kunywea chai. "Maana wewe unaendesha kama unakanda unga," ananiambia, anacheka mpaka anakohoa.

Jana niliisoma karatasi yake. Miaka yote alianza na hesabu ya mafuta ya kurudi. Safari hii kaandika ya kupandia tu.

Gari nimeshaliosha. Njoo kabla ya Jumamosi.

Dada yako